Tangulia, Nipo Nyuma

Mama mkwe wangu alikuwa na tabia ya kunipigia simu akiwa nyuma yangu, umbali ambao ningemsikia hata akikohoa. Simu inaita mfukoni, naipokea huku nikitazama mbele kama mtu anayeongea na Dar es Salaam, na sauti yake naisikia mara mbili: moja sikioni, nyingine mgongoni.

“Baba Modesta.”

“Naam, mama.”

“Punguza mwendo. Unatembea kama umeiba.”

“Sawa, mama.”

Napunguza. Yeye anakata simu, anairudisha kifuani, na safari inaendelea: mimi mbele, yeye nyuma na magongo yake. Waliokuwa wakituona walidhani tumegombana. Hatukuwa tumegombana hata siku moja. Tulikuwa tunaheshimiana, na mimi ni shahidi kwamba heshima inachosha kuliko ugomvi.

Jina langu ni Josephat Maige, Msukuma wa Magu. Mke wangu, Rose Atieno, ni Mjaluo wa Shirati, na Modesta ni binti yetu. Kwa kina Rose, mkwe wa kiume na mama mzaa mke hawashikani mikono, hawali mbele ya macho ya mwenzao, na mama halali katika nyumba ya binti yake hata inyeshe mvua ya mawe. Sisi Wasukuma nasi tuna ya kwetu yanayokaribiana na hayo, kwa hiyo siwezi kujifanya nilishangaa. Ila kwa miaka yote ya ndoa yetu heshima hiyo haikuwahi kunitoa jasho, kwa sababu kati yangu na mama ulikuwepo Mto Mara na nusu siku ya basi.

Halafu mama akateleza. Alikuwa akishuka ziwani kwake asubuhi baada ya mvua, na nyonga ikavunjika. Akaletwa Mwanza, akapasuliwa, akawekewa chuma. Alipotoka hospitali hakukubali kulala kwetu, hata wodini alikuwa ameshasema. Jirani yetu Teodora, mjane mwenye moyo wa dhahabu na mdomo wa pilipili, akampa chumba. Basi mama akawa analala kwa Teodora na kushinda kwetu, na mimi nikawa mkimbizi katika nyumba yangu mwenyewe. Bukta yangu ya jioni ikafungiwa kabatini. Kuimba bafuni kukakoma. Nikitaka kupita barazani natuma kwanza kikohozi, ili aliyekaa ajiweke sawa. Nilimwambia Rose, “Mama yako apone haraka, au mimi nihamie kwa Teodora.” Rose akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Daktari wa mazoezi, dada mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho, alitupa sharti wazi. Mama atembee kila siku. Kwenye kliniki ya mwisho angepandishwa ngazi za hospitali mpaka ghorofa ya juu na kushuka, bila magongo na bila kushikwa na mtu. Akiweza, arudi kwake. Asipoweza, asiishi peke yake tena. Na Okeyo, shemeji yangu mkubwa, ambaye yuko Dodoma, ni mtu mwema mwenye nyumba kubwa na maamuzi ya haraka. Alishasema: mama akishindwa ngazi, anakuja Dodoma moja kwa moja, na nyumba ya Shirati inafungwa.

Mama Okeyo, yaani mama Truphosa mwenyewe, aliposikia habari hiyo hakulia wala hakubisha. Aliuliza tu, “Huko Dodoma kuna ziwa?” Rose akamwambia hakuna.

Tatizo likawa mahali. Daktari alisema aanze na sehemu tambarare na laini. Nikamwuliza kama anaijua Mwanza. Sisi tunakaa Mabatini, kule juu, ambako nyumba zimeshikilia mawe kama kupe. Kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani mtu mzima mwenye nyonga mbili nzima anashuka akimtaja Mungu. Mama alikuwa akishushwa na akina mama wawili, mmoja kila upande, na akifika chini ndipo kazi yangu inapoanza. Rose anafundisha shule ya msingi, asubuhi hayupo. Mimi niko kwenye kiwanda cha magodoro kule Nyakato, zamu ya mchana. Kwa hiyo asubuhi zote za mama zikawa zangu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mama anapanda bajaji ya Venant, kijana wa mtaani kwetu ambaye hajawahi kukosa la kusema. Mimi nafuata na pikipiki yangu nikila vumbi lao. Venant aliniuliza siku ya kwanza kwa nini nisikae nyuma na mgonjwa nikaokoa mafuta. Nikamwambia, “Wewe oa kwanza, halafu tutaongea.”

Nimeishi Mwanza tangu ujana na ningeapa mahakamani kwamba mji huu hauna bustani. Una mawe, una ziwa, una watu, basi. Nilikosea vibaya. Bustani zipo, ila zimejificha, na mtu hazioni mpaka awe na mgonjwa wa kutembeza.

Tulianza na bustani moja ndogo ya mjini, nzuri mno, majani yamekatwa kama kichwa cha mtoto wa kipaimara. Nikafurahi. Mama hajafika hata katikati, akatokea mlinzi na filimbi. Majani hayakanyagwi. Nikamwuliza majani yasiyokanyagwa ni ya nini. Akasema ni ya kupendezesha. Nikamwambia kwetu Magu kitu cha kijani kisichokanyagwa na kisicholiwa kinaitwa sumu. Alikuwa ananyanyua filimbi mara ya pili simu yangu ilipoita. “Baba Modesta,” mama akasema pale pale nyuma yangu, “usigombane na mtu kwa ajili ya mguu wangu. Mguu utasikia aibu.” Tukaondoka.

Tukaenda viwanja vya Furahisha. Pale nafasi ipo ya kutosha hata kutua ndege. Asubuhi kuna vijana wa mpira, kuna wanaojifunza kuendesha gari kwa woga, na majani yake si ya kupendezesha mtu, ni majani ya kazi. Mama alipapenda. Alizunguka ukingo taratibu, mguu kwa mguu, nami mbele yake kama mbuzi wa kuongoza msafara. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri, mpaka tulipokuta jukwaa limejengwa kwa ajili ya mkutano wa injili. Waombaji walipomwona mama na magongo yake, macho yao yaliwaka. Wakamzunguka. Mimi siwezi kuingilia katikati ya wanawake wanaomwekea mikono mama mkwe wangu, kwa hiyo nikasimama mbali nikihesabu mawingu. Walipomaliza, simu ikaita.

“Wameombea ule mguu mzima,” mama akasema.

“Hukuwaambia?”

“Walikuwa wamefumba macho. Nikaona nisiwasumbue.”

Nilicheka mpaka nikashika magoti, na kwa mara ya kwanza nikamsikia naye akicheka nyuma yangu. Kicheko chake ni cha Rose kabisa, kile cha kuvuta pumzi kwanza halafu kulipuka. Sikugeuka. Lakini kuanzia siku hiyo asubuhi zangu zikawa fupi.

Baada ya hapo tulikwenda Butimba, kwenye njia moja yenye miti mikubwa, ambako wanafunzi wa ualimu walimpa mama shikamoo nyingi hadi akachoka kuitikia. Tulikwenda Nyegezi, kwenye kiwanja cha kanisa chenye kivuli. Tulikwenda pembeni mwa ziwa, mahali ambapo watu huosha magari, na majani yake ni laini kama zulia kwa sababu yanakunywa sabuni na maji kutwa nzima. Kila mahali palipata hukumu yake kwa simu. “Hapa pananuka watu wasiofanya kazi.” “Hapa pazuri, ila ndege wanaongea sana.” Mimi nilikuwa nikinunua mahindi ya kuchoma, lake naliweka juu ya jiwe au kwenye shina la mti, halafu naenda zangu mbali na kumpa mgongo. Nikirudi nakuta gunzi limefungwa kwenye majani yake vizuri, kama zawadi. Sijawahi kumwona mama akitafuna. Magongo mawili yakawa gongo moja. Mashavu yakarudi.

Kilichobaki kilikuwa ngazi, na ngazi mama aliziogopa. Hakusema, lakini niliona jinsi alivyokuwa akizunguka mbali ili akwepe hata kijitofali cha ukingo. Aliteleza akishuka, na mwili haukusahau. Kliniki ya mwisho ikawa ni wiki ile ile. Okeyo akapiga simu kumwambia Rose kwamba chumba cha Dodoma kimeshapakwa rangi. Mama aliambiwa rangi ni bluu. Akasema ahsante.

Asubuhi iliyofuata aliniambia anataka mahali anapoweza kuliona ziwa kwa karibu. Nikamwambia Venant atupeleke Capri Point, upande wa chini, ambako kuna ukanda wa majani kati ya barabara na maji. Pana mikaratusi na mawe makubwa, na juu ya mawe pimbi wanaota jua wakitazama watu kwa dharau. Venant akatushusha, akasema anaruka mara moja kumpeleka abiria mwingine sokoni. Tukaanza, mimi mbele, yeye nyuma.

Njia ya pale inafika mahali inapita katikati ya mawe mawili, nyembamba kama mlango wa choo. Nilipofika katikati hapo simu ikaita. Ilikuwa msimamizi wangu wa kiwandani, mashine imegoma, ananiuliza niliiachaje jana. Nikasimama pale pale mlangoni nikaanza kumweleza. Sisi watu wa kiwandani tukianza kueleza mashine hatuna mwisho. Nilieleza kwa mikono yote miwili.

Sasa fikiria mama anafika nyuma yangu. Kupita hawezi bila kunisugua bega. Kuniita hawezi, naongea na wakubwa. Akajaribu kunipigia, na yule dada wa kwenye simu akamwambia namba inatumika. Mwanamke mwingine angesema, “Hebu sogea.” Mama Truphosa akaona afadhali azunguke jiwe.

Nilipomaliza na msimamizi nikasimama kumsubiri. Sikusikia gongo. Sikugeuka, kwa sababu huwezi kumgeukia mama mkwe ghafla, hujui yuko katika hali gani. Labda amepumzika. Nikaendelea kusubiri. Labda, nikawaza, amepata haja ya kujisitiri nyuma ya mti, na hapo ndipo nikakaza shingo kabisa nikatazama ziwa kama nimelinunua. Kisiwa cha Saanane kilikuwa pale mbele, kijani, nikakisifu moyoni. Nikasoma majina ya boti. Ndipo nikasikia kitu cha chuma kikigonga jiwe, kikagonga tena, kikaanguka karibu na miguu yangu. Lilikuwa gongo lake.

Simu ikaita.

“Baba Modesta,” akasema, na sauti haikuwa ile ya kila siku. “Tazama juu.”

Alikuwa juu ya jiwe. Upande wa nyuma lina mgongo wa kupanda taratibu, akaupanda bila kujua, akidhani anazunguka, mpaka akajikuta juu, na mbele yake ni mteremko wa jiwe tupu lenye vidato vidato hadi chini nilipokuwa mimi. Alikuwa amekishika kijiti kilichoota kwenye ufa. Mguu mgonjwa ulikuwa unatetemeka mpaka pindo la gauni likawa linacheza. Nilimtazama usoni. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu nilipomwoa binti yake, kumtazama bila kushusha macho. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikulijua. Na alikuwa na hofu, hofu ya wazi kama ya mtoto.

“Usisogee, mama. Nakuja nikushike.”

“Usinishike.”

“Mama, ukianguka hapo chuma kitatoka!”

“Kikitoka kimetoka. Ukinikumbatia hapa, kesho nitakutazama na macho gani?”

Nilipandwa na hasira. Niliongea Kisukuma, maneno ambayo sitayatafsiri. Nikasema mila ni ya watu walio kwenye ardhi ya kawaida, si ya watu walio juu ya mawe na pimbi. Nikampigia Venant, simu yake imezimwa. Nikatazama kushoto na kulia, hapana mwanamke wa kuomba msaada, hapana mtu. Mama akanisubiri nimalize, halafu akasema taratibu, bila simu, “Mwanangu, nimebakiwa na vitu vichache. Nikitaka kwenda kwangu, nataka niende nikiwa mimi.”

Hasira ikaisha kama povu. Maana nilielewa. Wengine wote walikuwa wanataka kuiokoa nyonga yake. Yeye alikuwa anaiokoa nyonga na mwenye nyonga.

Chini ya mikaratusi watu wa mji walikuwa wamepogoa matawi na kuyarundika. Nikachomoa moja refu, lililonyooka, nene la kukamatika. Nikapanda vidato viwili vya chini, ncha moja nikaikaza kwenye ufa karibu na miguu yake, ncha nyingine nikaiweka begani kwangu na kuikumbatia kwa mikono yote. Halafu nikageuza mgongo.

“Mama, huu ni mti,” nikasema.

“Naona ni mti.”

“Mimi sipo hapa.”

“Haya. Hupo.”

“Basi shika mti. Kumbuka alivyosema daktari. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mgonjwa anatangulia.”

Halafu uzito ukaja begani. Nimebeba magunia, nimebeba magodoro, nimebeba jeneza la baba yangu, sijawahi kubeba kitu nilichokisikia vile. Kila hofu yake ilishuka kupitia mti ule ikaingia kwenye shingo yangu. Akitetemeka, natetemeka. Akitulia, natulia.

“Mgonjwa,” nikasema.

Akashusha mguu.

“Mzima.”

Akashusha wa pili. Akavuta pumzi.

“Baba Modesta.”

“Mimi sipo, mama.”

“Nausemesha mti, basi. Watoto wangu wanadhani naililia nyumba. Nyumba ni bati tu. Mimi nataka kuamka alfajiri, giza bado, nijue kwa miguu yangu pa kukanyaga. Dodoma nitakuwa nauliza swichi iko wapi mpaka nife.”

Mti haujibu. “Mgonjwa,” nikasema. “Mzima.” Tukaenda hivyo, kidato kwa kidato, nami nikishuka mbele na mti begani bila kugeuka, huku pimbi wote wakitutazama kama wazee wa baraza. Mara uzito ukatoka begani. Nikasikia viatu vyake vikikanyaga majani.

Nilibaki nimempa mgongo, nimekumbatia mti kama mwehu. Simu ikaita.

“Gongo langu liko wapi?”

“Lilianguka tangu mwanzo, mama.”

“Kwa hiyo nimeshuka bila gongo.”

“Umeshuka bila gongo.”

“Na hakuna aliyenishika.”

“Hakuna, mama. Mimi sikuwepo.”

Kisha akasema, “Atieno asijue kuhusu jiwe,” akakata simu. Nikaenda kununua mahindi, lake nikaliacha juu ya jiwe, langu nikalila upande wa pili wa jiwe hilo hilo. Mgongo wangu kwenye jiwe, wake pia naamini, tukitafuna. Sijui kama hiyo inahesabiwa kula pamoja. Mimi naihesabu.

Siku ya kliniki Rose aliomba ruhusa shuleni, akaja na macho mekundu ya kutolala. Daktari akatupeleka kwenye ngazi. Akaeleza kwamba ndugu mmoja asimame nyuma ya mgonjwa, tayari kumdaka.

“Hapana,” mama akasema. “Huyu atangulie mbele.” Hakunitaja, alinielekeza kwa kidevu.

“Mama, akiwa mbele atakudaka vipi?”

“Sijamleta anidake. Nimemleta atangulie.”

Daktari akamtazama Rose, Rose akanitazama mimi, mimi nikatazama sakafu. Mwishowe daktari mwenyewe akasimama nyuma, nami nikaanza kupanda. Ngazi zile ni ngumu kupanda kuliko mlima wowote wa Mwanza, kwa sababu nilitakiwa nisigeuke. Nilikuwa nasikia tu. Hatua moja ya mama, halafu ya pili. Moja, halafu ya pili. Midomo yangu ilikuwa inasema yenyewe: mzima, mgonjwa, mzima, mgonjwa. Katikati, pale ngazi zinapokata kona, viatu vikanyamaza. Nikashika ukuta. Nikamsikia Rose kule chini akisema, “Yesu wangu.” Nilikuwa na hamu ya kugeuka kuliko hamu yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Simu ikaita mfukoni.

“Baba Modesta.”

“Naam, mama.”

“Punguza mwendo. Hii si Furahisha.”

Daktari alicheka kwa sauti, ngazi nzima ikarudisha mwangwi. Mimi nililia. Nasema ukweli, nililia pale kwenye ngazi za watu nikiwa nimewapa mgongo wote, na nikapunguza mwendo. Viatu vikaanza tena. Tukafika juu. Tukashuka, mgonjwa akitangulia.

Okeyo aliambiwa chumba cha bluu akipangishe.

Mama aliondoka Jumapili. Stendi kulikuwa na vurugu za kila siku, Rose analia, Teodora analia na kutukana wapiga debe kwa pumzi moja, Modesta anamng'ang'ania bibi yake gauni. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, karibu na mizigo, mahali pangu. Mama alipanda ngazi za basi mwenyewe. Alipofika juu akasimama, akanigeukia nusu, macho chini, akasema, “Wabeja.” Sijui nani alimfundisha. Neno la kwetu lile, la shukrani, lilivyotoka kwenye mdomo wa Kijaluo lilinivunja mbavu. Nikamrudishia ahsante kwa Kijaluo chepesi nilichonacho, “Erokamano, mama.” Basi likaondoka.

Nyumba ikarudi kuwa yangu. Bukta ikatoka kabatini. Nikaimba bafuni siku moja, nikaona sauti yangu haina ladha. Barazani nilikuwa bado natuma kikohozi kabla ya kupita, na Rose alikuwa akinitazama bila kunitania, jambo ambalo si kawaida yake. Siku ya tatu nikawasha pikipiki asubuhi bila mahali pa kwenda, nikajikuta Capri Point, kwenye majani. Pimbi walikuwepo. Mti wetu ulikuwa bado umelala pale chini ya jiwe. Nilijiona mjinga. Mwanaume mzima, mwenye zamu mchana, natembea bustanini peke yangu nimeacha nafasi nyuma yangu kwa mtu ambaye hayupo.

Simu ikaita.

“Baba Modesta, uko wapi?”

“Niko pale kwenye mawe, mama.”

“Nilijua.” Nyuma ya sauti yake nikasikia maji, na kuku, na upepo wa upande ule mwingine wa ziwa. “Mimi natoka mlangoni sasa. Nashuka. Jana mvua ilinyesha, njia ina utelezi kidogo.”

Nikasimama. “Mama, nani yuko nawe?”

“Wewe,” akasema. “Tangulia, nipo nyuma. Na usikate simu.”

Nikabana simu sikioni nikaanza kutembea pembeni mwa ziwa, polepole, nikisema kwa sauti, mgonjwa, mzima, mgonjwa, mzima, na kutoka Shirati nikasikia viatu vyake vinafuata. Waliokuwa wanaosha uso kule majini wakanitazama. Sikugeuka nyuma hata mara moja, mpaka aliposema amefika.